Shanga Nyekundu za Mama Yako

Zuhura,

Kama mimi baba yako nisingezaliwa, Dar es Salaam nzima ingekuwa bado inatembea kwa miguu. Usicheke. Karani wa posta nani kamfundisha kupanda baiskeli? Mimi. Mwalimu wako wa Kurani, na kanzu yake ile ndefu, nani alimsukuma pale Mnazi Mmoja mpaka akaweza kwenda mwenyewe? Mimi. Na nani alitoka mtaa wa Gerezani mpaka Ilala mikono iko kifuani, miguu juu ya usukani, tenga la kuku wawili wazima kichwani, na kuku mmoja akataga njiani, na yai likafika bila ufa? Waulize watu. Watakaokwambia kuku alikuwa mmoja wana wivu tu.

Basi mtu huyo ndiye anayekuandikia. Kesho asubuhi unapanda gari moshi kwenda Morogoro kusomea unesi, na nyumba nzima imeshakupa mausia. Bibi yako kakwambia usilale bila kujifunika. Majirani wamekwambia usile kwa watu usiowajua. Mimi sina la kuongeza hapo. Kula utakula, kufua utafua, ukipotea utauliza njia. Mdomo unao, tena mrefu, umeurithi kwangu.

Naandika kwa sababu nina hasira, na kwa sababu nikifungua mdomo mbele yako hutoka mzaha. Unanijua. Juzi nilikaa na wewe barazani nikitaka kukwambia jambo hili, nikaishia kukusimulia ile habari ya kuku. Kuandika ni afadhali. Shule niliiacha darasa la nne, mwalimu alipoona nakaribia kumzidi, kwa hiyo kila neno hapa linanitoa jasho, na mtu anayetoka jasho hapati nafasi ya kutania.

Hasira yenyewe ilianza siku mama yako mdogo Tabu alipokuja kutoka Morogoro kwa hitima ya mama yako. Mlikuwa uani mnachambua mchele, mkadhani nimetoka. Nilikuwa nyuma ya ua wa makuti, nimeinamia karai la maji, natafuta tundu kwenye mpira wa baiskeli ya mteja. Nikakusikia:

"Mama mdogo, mbona kila mara unakwenda msalani?"

"Damu, mwanangu. Haikatiki. Mwezi wangu ukiisha yenyewe haiishi. Nikiinua ndoo inakuja. Baba yako mdogo akinikaribia, inakuja."

"Basi twende hospitali."

"Hospitali!" Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mama yako si alikwenda? Alikwenda mapema, kwa miguu yake, hana hata maumivu. Akaambiwaje? Hana neno. Haya, hana neno huyo yuko wapi? Tumemzika. Na mimi nikavue nguo mbele ya mwanamume nisiyemjua, niambiwe sina neno, nirudi nyumbani kungoja kufa? Siendi."

Ukasema, na sauti ilikuwa ya mama yako kabisa alipokuwa amekasirika: "Nikishakuwa nesi nitamtafuta yule daktari. Nitamtazama usoni nimuulize alimwambiaje mama yangu hana neno."

"Tena umteme mate."

"Nitamtema."

Mimi mkono umo ndani ya karai. Mapovu yanatoka kwenye tundu, nami nayatazama tu kama mtu asiyejua kazi yake.

Sasa wewe utafikia kwa Tabu mpaka bweni lifunguliwe. Hakuna mwanadamu anayemsikiliza isipokuwa wewe. Mumewe hamsikilizi, mimi ndiyo kabisa. Tangu nilipomwoa dada yake ananiita Bwana Kengele. Kama hukumtoa ndani akaenda kuangaliwa sasa hivi, utamzika kama ulivyomzika mama yako. Kwa hiyo soma mpaka mwisho, hata pale nitakapokuudhi. Nitakuudhi.

Mambo haya baba hamwambii binti yake. Najua. Bi Mwanakombo, somo yake mama yako, yule aliyemfunda alipokuwa mwali, akijua nimeyaandika atanivunjia mwiko kichwani. Avunje.

Mama yako nilimwoa alipotolewa ndani tu. Umri wake ulikuwa mdogo kuliko wako wa leo, mdogo sana. Alikuwa bado anacheza mdako na watoto wa jirani. Aliweza kuacha chungu motoni akaenda uani kurusha vijiwe, nami nikirudi nakuta mchuzi umekuwa mkaa na bibi harusi ana vumbi magotini. Watu walisema nimepata. Nami nikazunguka Kariakoo yote kengele inalia. Hakuna aliyeona kitu, si wazee wake, si wazee wangu, wala mimi mwenyewe. Tuliona harusi.

Akazaa. Ukaja wewe, wakaja wadogo zako, na wengine wakarudi kwa Mungu hata majina hawajapewa. Hakupumzika. Mmoja akiachishwa ziwa, mwingine yuko njiani, na mimi barazani napigwa mabega, "Sefu dume!" Dume! Kazi yangu ilikuwa kazi ya jogoo, kuwika.

Na usijifanye hujui kwamba sikulala nyumbani kila siku. Mtoto wa Kariakoo hujua baba yake anakokwenda kabla baba mwenyewe hajaamua. Baiskeli yangu ilikuwa na taa mbili na bendera, ikiegeshwa kwenye ukuta wa mtu mtaa mzima unajua Sefu yumo. Na iliegeshwa kwenye kuta nyingi. Mara Ilala, mara nyuma ya ukumbi wa dansi, mara pengine ambapo nimesahau mlango. Niliona ni sifa. Niliyasimulia hayo kwa sauti, mama yako akiwa jikoni, ukuta ni wa udongo, na masikio yake yalikuwa mazima.

Sasa sikiliza habari ya shanga.

Bi Mwanakombo alipomfunda mama yako alimpa nyuzi mbili za shanga, moja nyeupe, moja nyekundu. Nadhani na wewe amekuonyesha, ndiyo mila yetu. Mke hamwambii mumewe kwa mdomo kwamba yuko katika siku zake. Anatundika uzi kwenye nguzo ya kitanda. Ukiwa mweupe, karibu. Ukiwa mwekundu, lala upande wako. Ni adabu nzuri, mimi siitukani. Miaka yote ile nikiingia chumbani naangalia nguzo kwanza, kama dereva wa gari moshi anavyoangalia bendera.

Basi mwaka ule nyekundu ikakaa. Ikatolewa siku chache, ikarudi. Ikatolewa tena, asubuhi iko pale pale. Mtu mwenye akili angeuliza, kulikoni? Mimi nikaingia na makelele.

"Mwanahawa! Huu uzi umeota mizizi hapa?"

"Ndiyo hali, Baba Zuhura."

"Hali gani isiyokwisha?"

"Sijui. Inakuja tu."

"Inakuja au unaileta? Umesikia maneno ya watu juu yangu, sasa unanifungia mlango kwa shanga!"

Aliendelea kukunja nguo zenu, moja juu ya nyingine, na mikono yake ilikwenda polepole kuliko kawaida. Hilo nimelikumbuka baadaye. Wakati ule niliona ubishi.

Unielewe hapo, Zuhura, maana hapo ndipo ninapojiuma vidole. Mwanamke yule hakuficha. Alisema, kwa namna aliyofundishwa kusema. Kila nilipoingia chumbani nilikuta ametundika ugonjwa wake kwenye nguzo, mwekundu, kimo cha macho yangu. Nikausoma kuwa kisirani.

Nikaenda kushitaki. Mwanamume mzima, ndevu hizi, nimepanda baiskeli na bendera yangu, nakwenda kumshitaki mke wangu kwa Bi Mwanakombo kwamba anatokwa damu! Na yule bibi badala ya kunipiga kibao akavaa kanga akaja. Tambuu imejaa mdomoni. Alizungumza na mama yako chumbani, lakini kwa sauti ya kunifikia nje, maana alitaka nijue kwamba kazi inafanyika.

"We Mwanahawa, mimi nilikufunda hivi?"

"Siyo kusudi, somo. Siko mzima."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi mahali. Damu tu."

"Basi huumwi! Tangu lini damu ya mwanamke ikawa ugonjwa? Mume akikuta nyekundu kila akiingia, atatafuta nyeupe nje, na watu watasema somo yake hakumfundisha. Unaniaibisha mimi. Toa."

Akatoa. Uzi mweupe ukatundikwa, ukakaa hapo kama askari wa zamu, na mimi nikarudi barazani nikajigamba kwamba nyumba yangu nimeinyoosha. Kuanzia hapo mama yako akawa hodari wa kuficha. Vitambaa alivifua kabla hamjaamka, akavianika chini ya kanga nyingine ili vikauke bila kuonekana. Wewe ulikuwa ukimsaidia kuanika na hukuviona. Usijilaumu. Alijitahidi usivione. Alipokuwa na mimi aliuma meno, na nilipoona shuka ina alama aliniambia amejikata kwa wembe. Nikakubali. Wembe gani huo? Sikuuliza.

Na mimi ndiye fundi! Mtu ananiletea baiskeli, anasema, "Sefu, inalia kidogo tu huku nyuma," naifungua yote. Sisubiri ianguke naye barabarani. Tundu dogo kama ncha ya sindano nalitafuta kwenye karai, nanyamazisha watu wote ili nisikie pumzi. Mke wangu anavuja chumbani mwangu, kwenye kitanda changu, nami naambiwa rangi imebadilishwa, narudi kwenye kahawa yangu.

Aliyemtoa ndani akaenda hospitali si mimi, wala si Bi Mwanakombo. Ni Mama Lalita, mke wa yule Mhindi mwenye duka la nguo, ambaye kwenye baraza lake napanga baiskeli zangu za kukodisha. Mama yako alikwenda kununua uzi wa kushonea, akakaa kwenye benchi la dukani, na alipoinuka benchi likabaki na alama. Mama Lalita hakupiga kelele. Alimwaga maji ya kikombe chake juu ya benchi, akajifanya mkono umeteleza, akapangusa, akamfunga mama yako kipande cha kitambaa kipya kiunoni. Halafu akatoka nje kunifuata mimi, na uso wake ulikuwa mbaya.

"Sefu. Mkeo anavuja damu, wewe unatia upepo mipira ya watu?"

"Aa, mama, hayo mambo ya wanawake."

"Mambo ya wanawake hayaui? Nani kakwambia? Dada yangu yalimwua, na mumewe alisema hivyo hivyo. Peleka hospitali leo. Usipompeleka, toa baiskeli zako kwenye baraza langu."

Nikampeleka. Lazima niseme kweli, nilimpeleka kwa ajili ya baraza. Tukaenda, tukarudi, hana neno. Hayo unayajua, na ukoo wote unayajua.

Baadaye haikuwa damu tu. Yakaja maji yenye harufu, akawa anafukiza udi chumbani mchana kutwa ili tusisikie. Mgongo ukamuuma, mguu mmoja ukavimba, mwili ukaisha. Tulileta mtu wa kutoa mashetani, akapunga, akala, akaenda zake. Mwishowe alianguka msalani, wewe ndiye uliyempata, tukamtia kwenye teksi.

Safari ile alipokewa na nesi mtu mzima, Mswahili mwenzetu, mrefu, sauti nzito. Alimwangalia mama yako nyuma ya pazia. Akatoka, akanawa mikono muda mrefu sana, akaniita pembeni.

"Aliolewa na umri gani?"

Nikamwambia.

"Amebeba mimba ngapi?"

Nikamwambia, pamoja na zilizoharibika.

"Na wewe, bwana, wanawake wa nje unao?"

Nikacheka. Hata pale, Zuhura, na mama yako analia nyuma ya pazia, nilicheka. Nikasema, "Nesi, mgonjwa ni mimi au yeye?"

Hakucheka. "Ya kwako yanaingia kwake," akasema. "Hatujui yote, madaktari wenyewe bado wanatafuta. Lakini wanaoletwa hapa, wengi waliolewa watoto, wamezaa mfululizo, na waume zao wana milango mingi. Na karibu wote wanaletwa wakiwa wameshaanza kunuka. Hii ni saratani. Imeanzia mlango wa kizazi. Mwanzoni haiumi, ndiyo maana watu wanaidharau. Damu ndiyo inayotangulia. Mtu akiangaliwa wakati ule, pengine inaondolewa, akaishi akalea wajukuu. Huko ng'ambo sasa wanampangusa mwanamke hapo kwa kijiti, wanatazama kilichotoka kwa darubini, hata yule asiyehisi kitu, ili waione kabla haijawa kidonda. Sisi hapa tuna taa na macho. Lakini taa na macho vingetosha, mngekuja mapema."

"Tulikuja," nikasema. "Mkatwambia hana neno."

"Nani alisema?"

"Daktari."

"Alimlaza akamwangalia, halafu akasema hana neno?"

Nikasema sikumbuki. Kisha, maana nilimwona ananitazama, nikapandisha sauti. Nikaitukana hospitali nzima. Nikasema hawa Wazungu hawatujali, mtu mweusi akija anapewa chupa ya maji ya rangi na kufukuzwa. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaitikia, "Kweli! Sema, bwana!" Mzee mmoja akanishika mkono. Siku ile ile niliyoambiwa mama yako hatapona, nilipata sifa. Na maneno niliyoyapiga pale ndiyo yaliyotembea mpaka Ilala, mpaka Morogoro, mpaka kwa Tabu, mpaka kwako.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho. Siyaandiki.

Nisikilize basi. Ukifika Morogoro, kabla hujafungua sanduku, mkalishe Tabu. Mwambie damu inayokuja baada ya kukutana na mume, au katikati ya mwezi, au kwa mwanamke aliyekwisha koma kupata siku zake, haifai kungojewa mpaka iume. Ikishauma imechelewa. Mwambie pengine hata siyo saratani, yako mambo mengine madogo yanayotoa damu, lakini anayejua ni yule aliyetazama, siyo mimi, siyo somo, siyo mume. Akisema anaona haya, mwambie haya zipo kweli, lakini nesi wa kike atakuwapo, na hizo haya zinakwisha akishuka kitandani. Na mkirudi mmwambie mumewe kwamba akitaka kulalamika aje alalamike kwangu Kariakoo. Nitampokea vizuri.

Lakini najua atakujibu nini. Atakujibu lile lile: dada yangu alikwenda. Na wewe huna jibu la hapo, kwa sababu jibu ninalo mimi.

Siku ile ya kwanza tuliingia chumbani kwa daktari, mimi na mama yako. Daktari alikuwa Mzungu kijana, jasho limemloa shingoni. Pembeni yake alisimama msaidizi, kijana wetu, kazi yake kutafsiri. Daktari akasema naye, kijana akamgeukia mama yako kwa adabu kabisa: "Mama, shikamoo. Daktari anauliza damu ilianza lini, na kama inakuja ukiwa na..."

Sikumwacha amalize. Kijana yule nilimfahamu, alikuwa akikodi baiskeli kwangu. Nikasema, "We! Utamuuliza mke wangu mambo hayo? Jioni ukayatangaze Gerezani? Toka. Kizungu najua mwenyewe."

"Mzee Sefu, ndiyo kazi yangu hii."

"Toka!"

Nikamwambia daktari, "Yes, sa. Ai spiki." Daktari akainua mabega. Kijana akatoka. Wewe usitoke, Zuhura. Utasimama mahali kama pale, na atakuja Sefu mwingine na kifua chake. Msukume yeye nje, wewe ubaki na mama wa watu.

Daktari akaanza kusema. Alisema sana. Nami nikawa naitikia, yes sa, yes sa, nimekaa vizuri, mguu juu ya mguu. Mama yako alikuwa ananitazama mimi, hakumtazama daktari, na kwa jinsi alivyonitazama alikuwa anaona fahari. Daktari akachukua karatasi akachora kitu kama kibuyu kilichopinduliwa, akagonga shingo ya kibuyu kwa penseli, akagonga tena. Nikasema, yes sa. Akaonyesha kitanda kilichokuwa nyuma ya pazia, na taa yake, akamwonyesha mama yako. Hapo niliona anataka nini. Alale pale, mbele yake. Nikasema, no, sa.

Akasema tena polepole, kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya. Halafu akainuka akaenda kwenye kalenda ya ukutani. Akaweka kidole juu ya siku moja. Akanitazama mimi, akamtazama mama yako, akagonga ile siku. Hata mtoto anayenyonya angejua kwamba mtu huyu anasema rudini. Nikasema, "Veri gudi, sa." Akatupa chupa ya dawa, tukatoka.

Nje barazani mama yako akanishika mkono wa shati. Alikuwa na hofu, buibui amelikunja mkononi kama kitambaa cha kufutia. "Kasema nini, Baba Zuhura?"

Yule kijana alikuwa amesimama pale pale, karibu na mlango, anatutazama. Ningemwita. Ningesema, kijana, hebu rudi utueleze. Angetueleza yote kwa muda wa kuvuta sigara moja. Lakini mama yako alikuwa amenitazama vile kule ndani, na ningekuwa wa kuchekwa mpaka Ilala.

"Kasema huna neno," nikamwambia. "Joto la mwili tu. Unywe dawa."

Akashusha pumzi, akacheka. Akaniambia, "Mume wangu msomi." Njiani alitaka kupita kwa Mama Lalita kumpa habari njema. Jioni akamtumia Tabu salamu kwa mtu aliyekuwa anakwenda Morogoro: nimekwenda hospitali, sina neno. Ile siku ya kidole ilipofika hakwenda, kwa sababu hakujua ipo. Mimi nilijua. Nilikuwa Ilala, nimezungukwa na watu, nasimulia.

Pengine ulishanijua. Ulipokuwa shuleni ukaniletea kitabu chako cha Kizungu ukaniuliza neno, nikakwambia maswali ya kitoto niulize kesho. Hukuniuliza tena.

Usimtafute yule daktari. Hana kosa kwako. Mate uliyomwekea njoo nayo Kariakoo, mwenye nayo yupo, anakodisha baiskeli. Na karatasi hizi msomee Tabu zote, mpaka hapa, apate kujua kwamba hospitali hawakumkosea dada yake. Hakuna aliyemwangalia akamwambia hana neno. Daktari yule alisema maneno mengi sana siku ile, mwanangu, na mimi sikuelewa hata moja, na sikuuliza.

Baba yako,
Sefu